KUTOKA KURASANI HADI JUKWAANI: Riwaya Inavyogeuzwa Mchezo, na Namna ya Kuutazama

Ndugu msomaji, naomba uketi nami kwa muda mfupi, kwani nilichokuandikia hapa ni somo. Linahusu jambo ambalo kila mwanafunzi wa kidato cha tatu na cha nne analijua: vikundi vya waigizaji vinavyozunguka shuleni vikituonyesha vitabu teule kwa njia ya mchezo wa kuigiza.

Hapa kwetu Salgaa jambo hili lina uzito wake. Sisi ni wa shule ya kutwa. Wengi wetu hatuna kitabu chetu wenyewe. Nakala moja husomwa na watu watatu au wanne, na pengine zamu yako ikifika, usiku huo stima zimepotea. Kwa hivyo kikundi kinapokuja na mchezo, wako ambao siku hiyo ndiyo mara yao ya kwanza kukutana na wahusika. Hawa hutoka ukumbini wakisema, "Mimi sasa nimemaliza kitabu." Wako na wengine, hasa mabingwa wa kukremu, ambao huudharau mchezo na kusema pesa za kiingilio zingenunua kalamu. Nionavyo mimi, kila upande umeshika nusu ya ukweli. Ili tuupate ukweli wote, hatuna budi kujua kwanza mchezo wenyewe hutengenezwa vipi.

1. TOFAUTI YA KUTAFSIRI NA KUGEUZA

Wanafunzi wengi huchanganya mambo haya mawili. Kutafsiri ni kuitoa kazi katika lugha moja na kuitia katika lugha nyingine, huku umbo lake likibaki vile vile. Tamthilia hubaki tamthilia. Kugeuza ni kulibadilisha umbo lenyewe: riwaya au utenzi kuwa mchezo wa jukwaani, hata kama lugha ni ile ile.

Mfano wa kutafsiri ni Mwalimu Julius Nyerere. Alipokuwa Rais wa Tanzania alipata wakati wa kumtafsiri Shakespeare. Tafsiri yake ya Julius Caesar ilichapishwa mwaka wa 1963, akaisahihisha na kuitoa tena mwaka wa 1969 kwa jina la Juliasi Kaizari. Mwaka huo huo wa 1969 ikatoka Mabepari wa Venisi. Samuel Mushi naye alitupa Makbeth mwaka wa 1968 na Tufani mwaka wa 1969. Kazi hizi zote zilikuwa tamthilia tangu mwanzo, na watafsiri waliziacha tamthilia.

Mfano wa kugeuza ni Amandina Lihamba wa Tanzania. Mwandishi wa Senegal, Ousmane Sembène, aliandika hadithi ya mzee wa Dakar anayetumiwa hawala ya fedha kutoka Paris na mpwa wake. Mzee anashindwa kuzichukua kwa sababu hana kitambulisho, na akihangaika kukitafuta analaghaiwa mpaka mwisho. Sembène mwenyewe aliigeuza hadithi hiyo filamu mwaka wa 1968. Lihamba akaigeuza tamthilia ya Kiswahili, Hawala ya Fedha, iliyochapishwa mwaka wa 1980. Hadithi moja, maumbo matatu: kitabu, filamu, jukwaa.

2. WALIOTUTANGULIA

Kuna wanaodhani kwamba maigizo ni kazi ya watu wa Nairobi wenye taa za rangi na mapazia. Hapana. Katika nchi yetu, sehemu kubwa ya maigizo imebebwa na watu wa ridhaa, yaani watu wenye kazi zao nyingine ambao huigiza kwa mapenzi. Tamasha la maigizo la shule lilianza mwaka wa 1959, kabla ya uhuru, na linaendelea. Mwaka wa 1974 Chuo Kikuu cha Nairobi kilianzisha kikundi cha wanafunzi kilichosafiri na michezo yake hadi mashambani na shuleni, watu wakatazama bila malipo. Vikundi tunavyoviona leo vikishuka kwenye matatu na mifuko ya maleba vinafuata nyayo hizo. Nakuru, mji wetu mkuu wa kaunti, una ukumbi wake wa michezo tangu zamani za ukoloni, na safari ya kutoka hapa Salgaa hadi huko si ndefu.

Kule Kamiriithu, Limuru, wakulima na wafanyakazi wa kawaida waliigiza mchezo wa Kikuyu wa Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mĩriĩ mwaka wa 1977. Serikali ya wakati huo iliupiga marufuku baada ya wiki chache, na mwisho wa mwaka Ngũgĩ wa Thiong'o akatiwa kizuizini. Baadaye mchezo huo ulitoka kwa Kiswahili kwa jina la Nitaolewa Nikipenda. Haukuwa riwaya iliyogeuzwa, lakini unatufundisha kwamba watu wasio na shahada ya uigizaji wanaweza kutikisa nchi nzima.

Na mwaka wa 2012, tamthilia zote za Shakespeare zilipoonyeshwa London kwa lugha mbalimbali za dunia katika ukumbi wa Globe, Kiswahili nacho kilikuwepo. Waigizaji kutoka Kenya walipanda jukwaa hilo na Wanawake wa Heri wa Winsa. Mwenye kusema Kiswahili ni lugha ya soko tu na aulize waliokuwa pale.

3. MAMBO MANNE YANAYOMSUMBUA ANAYEGEUZA

Sasa tuingie jikoni. Mtu aliyeshika riwaya akitaka kuifanya mchezo hukutana na vikwazo hivi.

(a) Muda. Tufanye hesabu kidogo. Chukua riwaya yenye maneno 50,000. Mtu akisoma kwa sauti maneno 100 kwa dakika, atahitaji dakika 500, yaani saa 8 na dakika 20. Mchezo wa shuleni huchukua muda wa saa 2 hivi, ambazo ni dakika 120. Hata kama waigizaji wangesema mfululizo bila kuvuta pumzi, wangetamka maneno 12,000, chini ya robo ya kitabu. Kwa hivyo kila mchezo uliotokana na riwaya umekatwa. Swali la kujiuliza si kama kuna kilichokatwa, bali ni kipi, na kwa nini.

(b) Msimulizi. Katika riwaya kuna sauti inayotuambia kila kitu. Jukwaani sauti hiyo hukosa mahali pa kusimama. Fikiria Siku Njema ya hayati Ken Walibora, iliyotoka mwaka wa 1996 na ambayo iliwahi kuwa kitabu teule. Anayesimulia ni Kongowea mwenyewe, kwa nafsi ya kwanza. Tunaona kila kitu kwa macho yake. Mgeuzaji ana njia tatu. Anaweza kumweka Kongowea mtu mzima pembeni ya jukwaa akisimulia, huku kijana mwingine akiigiza utoto wake. Anaweza kumpa uzungumzi nafsia. Au anaweza kumwondoa msimulizi kabisa, matendo yajisemee. Kila njia ina gharama. Msimulizi akisema sana, mchezo hulala. Akiondolewa, watazamaji hupotea.

(c) Mahali. Riwaya husafiri bila nauli. Kongowea anatoka Tanga mpaka anafika Kitale. Basi, baharini na barabarani utapaonyeshaje juu ya meza nne za darasani zilizounganishwa? Jibu ni kwamba hupaonyeshi, unapadokeza. Waigizaji wanne wakikaa kwenye viti viwili viwili na kutikisika kwa pamoja, hilo ni basi. Hapa Salgaa tumebarikiwa: malori yenyewe hutupigia honi kutoka barabara kuu bila kulipwa.

(d) Mambo ya moyoni. Hili ndilo gumu kuliko yote. Riwaya huandika: alijuta, alikumbuka, alishuku. Jukwaani huwezi kuigiza "alishuku". Lazima shaka hiyo igeuke kitu kinachoonekana au kusikika. Ndiyo maana wagezaji hodari hupenda hadithi zenye kitu cha kushika mkononi. Katika hadithi ya Sembène kitu hicho ni karatasi ya hawala. Katika Kidagaa Kimemwozea cha Walibora ni mswada wa Amani, ambao mwingine anauchapisha kama wake. Mswada ukishaonekana mkononi mwa Majisifu, mtazamaji ameelewa wizi wote kabla mtu hajafungua kinywa.

Tusisahau kwamba hata tamthilia zilizoandikwa kuwa tamthilia hutumia njia hii. Ile tamthilia ya Ibsen wa Norway ya mwaka wa 1879, A Doll's House, ambayo iliwahi kutahiniwa hapa Kenya katika somo la Kiingereza, inaishia kwa mlio wa mlango. Nora anaondoka, mlango unafungwa, basi. Mlio huo mmoja umewafanya watu wabishane kwa zaidi ya miaka 140.

4. MFANO WA VITENDO

Nadharia bila mfano ni kama ugali bila mboga. Soma kifungu hiki cha hadithi, ambacho nimekitunga kwa ajili ya somo hili:

Mama aliketi kwenye ukingo wa kitanda. Alijua kuwa pesa za karo hazijatosha, na alijua kuwa kesho Baraka angerudishwa nyumbani kutoka shuleni. Moyo ulimwuma, lakini hakutaka mwanawe alale na wasiwasi.

Hesabu vitenzi vya moyoni: alijua, alijua, ulimwuma, hakutaka. Hakuna hata kimoja ambacho mtazamaji wa nyuma kabisa atakiona. Sasa kifungu hicho hicho kikigeuzwa:

(Usiku. Chumba kimoja. Nje, breki za upepo za lori zinapumua. MAMA anahesabu sarafu kwenye leso, anazipanga, anazihesabu tena. BARAKA amejifunika blanketi.)

BARAKA: Mama, zimetosha?

MAMA: (Akifunga pindo haraka) Kumbe hujalala?

BARAKA: Nauliza tu.

MAMA: Viatu umepiga rangi?

BARAKA: Ndiyo.

MAMA: Basi lala. Kesho uamke mapema.

(BARAKA anageukia ukuta. MAMA anafungua pindo polepole, anahesabu mara ya tatu.)

Angalia yaliyotokea. Neno karo halikutajwa hata mara moja. Mama hakujibu swali. Aliuliza swali lingine kuhusu viatu, na kwa kukwepa huko tukajua jibu. Kuhesabu mara ya tatu kumechukua nafasi ya "moyo ulimwuma". Tumepata kitu: mtazamaji anagundua mwenyewe badala ya kuambiwa. Lakini pia tumepoteza: hadithi ilisema wazi kwamba mama alinyamaza ili asimtie mwanawe wasiwasi. Katika mchezo, mtazamaji mwingine anaweza kudhani mama ni mkali tu. Hapo ndipo kazi ya mwigizaji ilipo. Sauti yake ikiwa ya upole, maana inarudi, akifoka, imepotea. Kwa ufupi, kwenye kitabu mwandishi ana neno la mwisho, lakini jukwaani anagawana neno hilo na waigizaji.

5. MCHEZO NA KARATASI YA TATU

Hapa sasa ndipo tuwe macho, kwani alama zimo hatarini. Katika Karatasi ya Tatu ya Kiswahili, KCSE, tunapewa dondoo na kuulizwa muktadha wake: nani anasema, anamwambia nani, wapi, na kwa sababu gani. Mchezo uliogeuzwa unaweza kukudanganya katika yote manne.

Msemaji anaweza kubadilika, kwa sababu kikundi chenye waigizaji saba hakiwezi kubeba wahusika ishirini. Wahusika wawili huunganishwa wakawa mmoja. Mahali panaweza kubadilika, maana matukio ya sokoni, ofisini na njiani hukusanywa pamoja ili kupunguza kubadilisha mandhari. Mpangilio nao hubadilika: kisa ambacho mwandishi alikieleza kwa mbinu rejeshi mara nyingi huigizwa moja kwa moja tangu mwanzo, kwa hiyo ukiulizwa kuhusu mbinu hiyo utasema haipo. Halafu kuna vichekesho. Mwigizaji akiona watu wanasinzia hutia mzaha wa papo hapo, akamtaja mwalimu wa zamu, ukumbi ukaanguka kwa kicheko. Mzaha huo ndio hukaa kichwani kuliko maneno ya kitabu. Mwenzangu mmoja aliunukuu mzaha wa namna hiyo katika insha ya fasihi kama ushahidi wa sifa za mhusika. Mwalimu aliandika kwa wino mwekundu, "Ukurasa gani?" Jibu halikuwepo.

Je, basi tuache kutazama? La hasha! Kuna mambo ambayo mchezo huyafundisha upesi kuliko kitabu: uhusiano wa wahusika, sauti ya kejeli, na mahali mgogoro unapopandia. Mwanafunzi aliyekuwa akiona majina matupu sasa anaona watu. Nashauri tuufuate utaratibu huu:

Kwanza, soma kitabu, hata nusu, kabla ya kutazama. Kama zamu yako ya nakala haijafika, mwombe mwenzako akusimulie wakati wa chamcha.

Pili, ukitazama uwe na karatasi. Chora safu mbili: "Nimeona" na "Kitabuni". Safu ya kwanza ijaze ukumbini kwa maneno machache.

Tatu, baada ya mchezo ijaze safu ya pili pamoja na nambari za kurasa. Pale ambapo safu hazilingani, jiulize kwa nini mgeuzaji alibadilisha. Jibu la swali hilo mara nyingi ndilo uchambuzi wenyewe.

Nne, katika mtihani usinukuu neno ambalo huwezi kulitajia ukurasa.

6. KWA NINI TUNGOJE WAGENI?

Hili ndilo pendekezo langu kwa Chama, na naomba walimu walifikirie. Tunatoa kiingilio kutazama wengine wakigeuza vitabu, ilhali kazi hiyo tunaiweza, na anayegeuza kitabu hukijua kuliko anayekitazama. Tuwe na msimu wetu wenyewe, michezo mitatu kwa mwaka, mmoja kila muhula.

Muhula wa kwanza tuanze na kisa cha Fumo Liyongo. Ni fasihi yetu ya kale, iliyowekwa katika utenzi na Muhamadi Kijumwa mwaka wa 1913, na kisa chenyewe hakina mwenyewe wa kuombwa ruhusa. Isitoshe, kiko tayari kwa jukwaa. Shujaa amefungwa gerezani. Mama yake anaoka mikate mizuri, ambayo walinzi wanaila njiani, na mkate mmoja wa wishwa ambao wanaudharau na kumwachia mfungwa. Ndani ya mkate huo mmefichwa tupa. Nje ngoma inapigwa, watu wanaimba, na chini ya kelele hizo Liyongo anakata minyororo. Vifaa: mkate, tupa, mnyororo, debe la kupigia ngoma. Shilingi ngapi hapo?

Muhula wa pili tuchukue sura moja, si kitabu kizima, ya riwaya teule tuliyo nayo, tuiigize darasani kwa ajili ya kidato cha nne wanaojiandaa kwa mtihani wa mwigo. Muhula wa tatu, watahiniwa wakiwa katika mitihani, tuwaonyeshe wanafunzi wa madarasa ya chini lile tukio la mahakamani katika Mabepari wa Venisi, Shailoki akidai ratili yake ya nyama.

Tahadhari moja ya kisheria. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka wa 2001 hulinda kazi ya mwandishi maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa kwake. Shakespeare mwenyewe yuko huru, lakini tafsiri ya Nyerere, aliyefariki mwaka wa 1999, bado inalindwa. Kuisoma darasani kama somo ni jambo moja. Kutoza kiingilio ni jambo lingine, na linahitaji idhini. Mwandishi naye hula kwa jasho lake.

Kuhusu muda, sisi wa kutwa hatuwezi kufanya mazoezi ya usiku kama wenzetu wa mabweni. Wako wanaotembea kuelekea Migaa na Sachangwan, na hakuna mzazi atakayekubali mwanawe awe kando ya barabara hii ya malori giza likiingia. Kwa hivyo mazoezi yawe wakati wa chamcha, dakika 30, siku tatu kwa wiki, na mchezo usizidi dakika 40. Muda mfupi utatufundisha kukata, na mwenye kujua la kukata amejua lililo kiini cha kitabu. Haba na haba hujaza kibaba.

ZOEZI

1. Taja tofauti mbili kati ya kutafsiri na kugeuza, ukitoa mfano mmoja kwa kila moja. (alama 4)

2. Chagua ukurasa mmoja wa riwaya teule. Pigia mstari vitenzi vyote vya moyoni, kisha andika namna kila kimoja kinavyoweza kuonekana jukwaani. (alama 6)

3. "Mchezo ni adui wa kitabu." Jadili. (alama 10)

Majibu ya swali la pili yaletwe kwa Katibu wa Chama. Yatakayofaa ndiyo yatakayoanzisha mchezo wetu wa muhula wa pili. Kalamu naiweka chini. Mkate wa wishwa nauacha mikononi mwenu.